Sukari 1.8 alfajiri: kisa cha mama wa Mbagala, vidonge vyake na unga wa miti shamba

Mgonjwa ni mama wa miaka 67, mjane, anaishi Mbagala na mwanawe wa kiume, mkwewe na wajukuu. Ana kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka kumi, na presha. Familia imeridhia kisa chake kiandikwe. Majina nimeyaacha, ya watu na ya vituo vya afya, maana yaliyomkuta yanaweza kumkuta mgonjwa yeyote katika kituo chochote cha jiji hili. Mimi ni mfamasia. Niliingia katika habari hii akiwa ameshalazwa, baada ya binti yake anayeishi Tabata kuniomba nikae na mama tuchambue kila anachomeza.

Mambo yalianza hivi. Wiki tatu kabla ya kuanguka, mama alikwenda kliniki ya kisukari kama kawaida yake. Kipimo cha sukari cha asubuhi kabla ya kula kikasoma milimoli 14.2 kwa lita. Alikuwa akitumia metformin miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenclamide ya miligramu 5 kidonge kimoja asubuhi. Daktari akaongeza glibenclamide: kimoja asubuhi, kingine jioni. Akaandika kwenye kadi, akamsisitizia apunguze wanga. Ukiitazama sukari ile peke yake, uamuzi huo unaeleweka. Lakini figo hazikuangaliwa. Kipimo cha mwisho cha kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja, kwenye kadi kilikuwa cha mwaka juzi.

Mama alirudi nyumbani amevunjika moyo. Kuongezewa dozi alikuelewa kama kuambiwa kuwa ugonjwa umemshinda. Jirani yake, mtu wa siku nyingi waliyezikana naye wazazi, akamwambia habari za muuzaji mmoja Kariakoo ambaye dawa yake "inashusha sukari mpaka daktari anashangaa". Kopo likaletwa. Lilikuwa kopo la plastiki lenye unga wa kijani uliofifia, halina lebo, juu ya mfuniko kumeandikwa namba ya simu kwa kalamu. Ndani, kwa maelezo ya jirani, kuna muarobaini, mlonge, mbegu za zambarau "na vinginevyo". Vijiko viwili vya chakula kwenye maji ya vuguvugu, asubuhi na jioni. Binti naye, bila kujua habari ya kopo, akamletea mama yake uwatu wa kuloweka usiku.

Siku ya tisa ya kunywa unga, wakati wa adhana ya alfajiri, mkwe alimkuta mama amekaa kitandani, kanga imelowa jasho, anaongea maneno yasiyoshikana. Alipojaribu kumlaza, mama akamsukuma kwa nguvu ambazo hakuwa nazo mchana. Homa hakuwa nayo. Nyumba nzima ikawa na jibu moja: mashetani. Akaitwa ustadhi wa msikiti wa jirani aje amsomee.

Ustadhi huyu namshukuru hadharani. Alimtazama mama, akamshika mkono uliokuwa wa baridi na umelowa, akauliza, "Huyu si ana sukari?" Alipojibiwa ndiyo, akasema, "Nitamsomea, lakini nitamsomea tukiwa njiani. Tafuteni bajaji." Baba yake mzazi aliwahi kupatwa na hali hiyohiyo.

Zahanati wakamtoboa kidole: 1.8. Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, chini ya 4 tayari sukari imeshuka, na chini ya 3 ni hatari ambayo ubongo unaanza kuihisi. Akachomwa dekstrosi ya asilimia 50, yaani maji ya sukari, kwenye mshipa. Baada ya dakika chache akafumbua macho, akauliza, "Mbona mmenileta huku na kanga moja?" Watu wakacheka kwa furaha. Akapewa chai ya sukari na mkate, akaambiwa aende nyumbani apumzike na aachane na "hayo madawa ya kienyeji". Wakarudi. Saa saba mchana akalegea tena. Safari hii sukari ilikuwa 2.3, akapelekwa hospitali na kulazwa siku mbili kwenye dripu ya dekstrosi, akipimwa kila baada ya muda.

Pale kitandani ndipo ugomvi ulipozuka. Mwanawe wa kiume alikuwa ameshalitupa kopo la unga jalalani, na alitaka mama aape kwamba hatagusa tena jani wala mzizi. Binti alikuwa upande wa pili kabisa: mama alikuwa mzima na kidonge kimoja, kliniki wamemwongezea wakamuua nusu, kwa hiyo viachwe vidonge, ibaki tiba ya asili. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na kila mmoja alikuwa tayari kumpoteza mama kwa kipande hicho.

Niliomba waniachie nafasi na mama peke yake.

Kwenye jalada, mahali pa dawa nyingine anazotumia, palikuwa pameandikwa kuwa hakuna. Nilimuuliza ilikuwaje. Akanieleza kwamba pale kliniki huulizwa, tena kila mara kwa maneno yaleyale: "Mama, hutumii miti shamba, au siyo?" Naye hujibu, "Situmii." Angejibu nini tena? Swali limekuja na jibu lake mkononi, na nyuma yako kuna foleni inayokusikiliza.

Kwa hiyo sikutaja miti shamba. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu nilimwambia, "Mama, nitembeze siku yako. Ukiamka, cha kwanza kuweka mdomoni ni nini?" Akaanza. Maji ya uwatu. Kisha unga. Kisha vidonge vya sukari, cha presha, na aspirini ndogo ya moyo. Chai ya tangawizi na kitunguu saumu "kwa ajili ya presha". Saa nne, kama magoti yanauma, "kile kidonge cha njano". Jioni vidonge tena, unga tena. Usiku mjukuu anamlowekea miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, kwa sababu nyayo zinawaka na kufa ganzi, kisha anamchua kwa mafuta ya habat soda. Na kila baada ya miezi kadhaa anafanyiwa hijama, yaani kuumikwa, mgongoni na mabegani na mama mmoja pale mtaani.

Kile kidonge cha njano kilikuwa diclofenac. Alikuwa akikinunua duka la dawa, vidonge kumi kwa wakati, karibu kila siku, kwa muda unaokaribia mwaka. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa si mti shamba. Hakukiandikiwa kliniki, kwa hiyo hakikuwemo kwenye kadi. Katika orodha nzima ndicho kilichonishtua kuliko unga wa Kariakoo.

Sasa tuje kwenye uchambuzi. Ni nini hasa kilichomshusha mama huyu mpaka 1.8?

Tuanze na glibenclamide, kwa sababu watu wa hospitali huwa tunaanza na mti. Kidonge hiki huilazimisha kongosho kutoa insulini, na hakingoji kuona kama sukari iko juu. Umekula au hukula, insulini inatoka. Nguvu yake inaweza kufika saa 24. Tena mabaki yake, baada ya ini kukivunja, bado yana uwezo wa kushusha sukari, na karibu nusu yake hutoka kwa njia ya figo. Figo zikichoka, mabaki yanajirundika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika Orodha yake ya Dawa Muhimu, limeweka gliclazide kwa kundi hili la dawa na kueleza kwamba glibenclamide haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Mama ana 67. Kreatinini yake pale hospitali ilikuwa mikromoli 140, ambayo kwa mwanamke wa umri wake ina maana figo zinachuja kama theluthi moja tu ya zinavyotakiwa, kwenye mililita 36 hivi kwa dakika.

Figo hizo zilichoshwa na nini? Kisukari cha miaka kumi na presha vina mchango wao, hilo halina mjadala. Lakini dawa za maumivu za kundi la diclofenac hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na kwa mzee mwenye kisukari na presha, akizimeza mfululizo, figo huumia. Halafu hupandisha presha pia. Kwa hiyo mama alikuwa akipambana na presha kwa tangawizi asubuhi na kuipandisha kwa kidonge cha njano saa nne.

Jambo la tatu ni chakula. Unga ule ni mchungu sana. Tangu aanze kuunywa, hamu ya kula jioni ilikufa. Usiku ule wa tukio alikunywa uji nusu kikombe, akameza glibenclamide ile ya pili, akalala. Dozi mpya ya jioni, tumbo tupu, figo zilizochoka. Hata bila jani lolote, hapo palitosha kumwangusha mtu.

Na miti shamba yenyewe? Nataka niwe mkweli kwa pande zote mbili hapa. Uwatu una uwezo wa kushusha sukari. Una nyuzi zinazofanya ute tumboni na kuchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu, na kuna tafiti kwa binadamu, ingawa nyingi ni ndogo, zilizoona hivyo. Majani ya mlonge yamepimwa kwa watu wachache na kuonyesha dalili ya kupunguza sukari baada ya kula. Muarobaini umepimwa zaidi kwa wanyama wa maabara. Mbegu za zambarau zina sifa kubwa mitaani, lakini utafiti uliofanywa Brazil kwa chai ya majani ya zambarau haukuona sukari ikishuka. Kwa ufupi, baadhi ya vitu hivi hufanya kazi kidogo, na "kidogo" juu ya glibenclamide iliyojirundika si kidogo tena. Anayemwambia mgonjwa kuwa majani hayana lolote anamdanganya, na mgonjwa akiona kwa macho yake sukari imeshuka, hatamsikiliza tena hata kwa mengine ya kweli.

Lipo la tano, nalo ndilo linalonisumbua hadi leo. Kuna unga wa "asili" uliochanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Mwaka 2008 Singapore walipokea watu wapatao 150, wasio na kisukari kabisa, walioangushwa na sukari kushuka. Wanne walifariki. Chanzo kilikuwa dawa haramu, nyingi zikiwa za kuongeza nguvu za kiume, zilizokutwa na glibenclamide ndani yake. Kidonge hichohicho cha mama yetu. Kopo la Mbagala lingeweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali likapimwa, lakini lilikuwa limeshakwenda na gari la taka. Namwelewa mwanawe kwa hasira zake. Ila ukimkuta mzazi wako katika hali kama hii, kopo lifungie kwenye mfuko uende nalo hospitali. Hakuna ushahidi mwingine.

Nikipima yote, uamuzi wangu ni huu: kilichomwangusha hasa ni glibenclamide iliyoongezwa dozi kwa mtu wa miaka 67 ambaye figo zake hazikupimwa, na diclofenac ndiyo iliyomwandalia njia. Unga ulisukuma, kwa kushusha sukari kidogo na kwa kumkatia hamu ya kula. Ninalitegemea zaidi lile anguko la pili la saa saba mchana. Unga alikuwa ameunywa mara ya mwisho jioni iliyopita. Sukari iliyopandishwa kwa dekstrosi na chai, kisha ikazama tena baada ya saa nane hivi, ni tabia ya dawa inayokaa mwilini mchana kutwa. Ndiyo maana mgonjwa aliyeshushwa na dawa za kundi hili hapaswi kuruhusiwa kwa sababu tu ameamka na kuomba chai. Huwekwa chini ya uangalizi, anapimwa tena na tena, saa 24 au zaidi. Pale zahanati walimwona amefufuka, wakamlaumu mganga, wakamwachia mkosaji mkubwa abaki ndani ya damu yake.

Hii lawama ya haraka kwa miti shamba ina gharama. Ikishatolewa, uchunguzi unakoma. Nani atapima figo kama jibu limeshapatikana?

Lakini hoja ya binti nayo siipitishi. Kuacha dawa za hospitali kwa sababu mojawapo imemdhuru mama ni kumtoa kwenye sukari 1.8 na kumpeleka polepole kwenye 25, vidonda vya miguu, upofu na mashine ya kusafisha damu. Tumeshayaona haya. Mwaka 2011 nchi ilihamia Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500, magari yamepanga foleni ya kilomita na kilomita. Wapo walioweka pembeni vidonge vya kisukari na ARV wakiamini wamepona. Na kwenye saratani kuna takwimu zinazouma. Watafiti wa Yale, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2018, waliwatazama wagonjwa Marekani waliokuwa wamechagua tiba mbadala peke yake kwa saratani zilizokuwa bado zinatibika: uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara mbili na nusu ya wenzao. Utafiti wao mwingine wa mwaka huohuo uliwatazama waliochanganya, yaani wanaopata tiba ya hospitali na kuongezea zile nyingine. Hao pia walikufa zaidi, kama mara mbili. Sababu iliyoonekana haikuwa sumu ya mitishamba. Wengi wao walikuwa wamekataa sehemu ya tiba ya hospitali, upasuaji au mionzi au kemotherapi. Walidhani wanaongeza, kumbe walikuwa wanabadilisha.

Kwa hiyo mbele ya kitanda kile swali la kuuliza lilikuwa moja kwa kila kitu kwenye orodha: hiki kinaongezwa juu ya nini, na kinaondoa nini?

Tulikaa sote, mama, watoto wake wawili, mimi, na daktari wa wodi, dada kijana kutoka Iringa. Alipoisoma orodha yote hakumgombeza mama. Alisema, "Mama yangu mzazi naye ananywa mlonge, na mimi ni daktari. Afadhali nijue kuliko nisijue." Nilimwona mama akilegeza mabega. Binti naye, ambaye tangu jana alikuwa anaongea na madaktari kwa mkato, alianza kuuliza maswali ya kweli.

Glibenclamide ikaondolewa kabisa. Metformin ikabaki gramu moja kwa siku, kiasi kinachokubalika kwa figo za kiwango chake, isipande zaidi ya hapo. Mama aliuliza kama metformin nayo si "kemikali tupu". Nikamweleza kwamba asili yake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, ambao watu waliutumia zamani kwa ugonjwa unaofanana na wake, mpaka Mfaransa Jean Sterne alipoipima kwa wagonjwa wa kisukari na kuchapisha matokeo mwaka 1957. Akatafakari. "Basi tofauti na wa Kariakoo ni nini?" Kipimo, nikamwambia. Kidonge cha leo na cha mwezi ujao vina miligramu zilezile. Dawa ya mseto ya malaria nayo asili yake ni pakanga, na hakuna anayeiogopa.

Diclofenac ikapigwa marufuku. Kwa magoti akapewa parasetamo na rufaa ya mazoezi ya viungo. Familia ikachanga ikanunua mashine ya kupimia sukari, na mkwe akafundishwa: akimkuta mama anatokwa jasho la baridi, anatetemeka au anaongea visivyo, apime, na sukari ikiwa imeshuka, au kama hana muda wa kupima, ampe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, ampime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Kama hawezi kumeza asimnyweshe chochote, aende naye kituoni.

Halafu tukaja kwenye tiba zake nyingine, moja baada ya nyingine, na hapa daktari alinivutia kwa subira yake. Uwatu ukaruhusiwa: kiasi kilekile kila siku, uachane na vidonge kwa saa mbili hivi, maana ute wake unaweza kuchelewesha dawa, na uandikwe kwenye kadi. Tangawizi na kitunguu saumu vibaki kwenye chai na mchuzi. Vile vidonge vya kitunguu saumu vinavyouzwa vimekolezwa asivinunue, kwa kuwa tayari anameza aspirini na damu inaweza kuchelewa kuganda. Hijama isubiri. Sukari ikitulia, na kama bado anaitaka, iwe na wembe mpya unaofunguliwa mbele yake, isifanyike miguuni, na anayeifanya aambiwe habari ya aspirini. Mwenye kisukari akichanjwa, kidonda kidogo kinaweza kuwa kesi kubwa.

Beseni la maji ya moto ndilo lililoleta ubishi. Kwa mama ndiyo raha yake ya siku, mjukuu anamhadithia ya shule huku anamchua. Lakini nyayo zilizokufa ganzi haziwezi kusema kuwa maji yanaunguza. Daktari aliomba amguse vidole vya miguu kwa uzi wa plastiki, mama amefumba macho. Mguu wa kulia, vidole vitatu, hakuhisi. Binti aligeuza uso. Makubaliano yakawa: kuchuliwa kuendelee, mafuta yaendelee, maji yawe ya vuguvugu tu na mkwe ayapime kwa kiwiko kwanza, miguu ikaushwe vizuri katikati ya vidole, na mjukuu atazame nyayo kila usiku kama kuna lengelenge au mchubuko. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tiba bora kuliko zote zilizoandikwa siku ile. Kidonda kitagunduliwa kikiwa bado kidogo, na atakayekigundua ni mtoto wa darasa la tano.

Dua hakuna aliyeigusa.

Nilikwenda Kariakoo na binti kumwona yule muuzaji. Nilijiandaa kukutana na tapeli. Nikamkuta mzee mstaarabu, dawa zimepangwa kwenye mifuko safi, anapokea wateja kwa heshima. Tulipomweleza, alishtuka kweli. Hakuwahi kumwambia mtu aache vidonge vya hospitali, alisema, na sina sababu ya kumkatalia. Lakini hakuwahi pia kumuuliza mteja wa sukari kama anameza vidonge vya sukari. Nilimuuliza anachanganya kwa vipimo gani. Kwa jicho, na kwa jinsi majani yalivyopatikana: wakati wa mvua mlonge unakuwa mwingi, kiangazi unapungua. Kumbe kila kopo ni dawa tofauti. Cheti cha usajili hakuwa nacho. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, na iliunda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Alijua lipo, hakuwahi kwenda. Pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili inayofanya utafiti wa mimea hiihii. Kutoka duka lake ni mwendo wa dakika chache kwa gari. Watu hawa wawili, mzee huyu na mtafiti wa kule, wangepaswa kufahamiana kwa majina.

Alikubali jambo moja: kila anayetaka unga wa sukari atamuuliza vidonge anavyotumia, na mwenye kutumia hatamuuzia mpaka arudi na ruhusa ya kliniki. Binti amekuwa akipita pale kununua viungo, na anasema mzee anauliza.

Wiki mbili baada ya kutoka hospitali, sukari ya asubuhi ikiwa inacheza kwenye 10 na 11, daktari alimwanzishia gliclazide kwa dozi ya chini kabisa, ameze na kifungua kinywa. Asipokula, asimeze. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ilikuwa 9.4 alipolazwa, miezi mitatu baadaye ilikuwa 7.9. Kwa umri wake na historia yake hakuna anayetaka ishuke kwa pupa zaidi ya hapo. Kreatinini imeshuka hadi 124, bila dawa yoyote ya figo, kwa kuacha kidonge cha njano tu. Sukari haijawahi kwenda chini ya 5 kwenye daftari la mkwe.

Magoti bado yanamuuma. Mazoezi ya viungo anakwenda kwa kusuasua kwa sababu ya nauli na foleni za Mbagala, na hivi karibuni amemuuliza binti kama ule unga hauwezi kurudi, "hata kijiko kimoja". Binti hakumgombeza na hakumkubalia. Amemwambia wataliandika kwenye kadi, wamuulize daktari kliniki ya mwezi ujao, na kwamba wakifika pale wataomba mstari wa dawa nyingine usiandikwe "hakuna" kabla mama hajatembezwa siku yake kuanzia asubuhi.